Benzeni, bromini na bondi maradufu ambazo hazipo

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia, na sura ya kampaundi za aromatiki imenishinda. Kwanza, tunaambiwa aromatiki maana yake ni yenye kunukia, lakini nyingi zinanuka vibaya na nyingine hazina harufu kabisa. Pili, benzeni ina bondi maradufu tatu. Mbona haiondoi rangi ya maji ya bromini kama alkeni, yaani kampaundi za kaboni na haidrojeni zenye bondi maradufu? Tatu, mwalimu mmoja alinikata alama kwa kuchora duara ndani ya pete, na mwingine akanikata kwa kuchora mistari. Nimfuate yupi?

Jibu: Marahaba. Nimefurahi kwamba hukukubali kukariri tu. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja: picha uliyofundishwa inaonyesha bondi maradufu tatu ndani ya benzeni, nawe umeiamini. Bondi hizo hazipo. Nitakuonyesha tunavyojua.

Jina nitalimaliza upesi. Wakemia wa karne ya 19 walikuta vitu kadhaa vyenye harufu nzuri, kama mafuta ya lozi chungu na utomvu wa benzoini, ambavyo vilikuwa na kaboni nyingi na haidrojeni chache kuliko ilivyotarajiwa. Wakavitia kapu moja na kuliita la vitu vya kunukia. Baadaye ikagundulika kuwa kilichoviunganisha ni pete ya kaboni iliyomo ndani yake, wala si harufu, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka. Ndiyo sababu anilini, yenye harufu ya kitu kinachooza, ni aromatiki halali, huku limoneni, inayoyapa maganda ya chungwa harufu yake, haimo. Ukiona neno aromatiki kwenye kitabu cha kemia, pua yako iache nje.

Lakini neno benzeni lenyewe lina habari itakayokufurahisha wewe msemaji wa Kiswahili. Utomvu ule wa benzoini Waarabu waliuita lubani jawi, yaani ubani wa Java. Neno lilipofika Ulaya, watu walidhani silabi ya kwanza ni kiambishi tu cha lugha zao, wakaikata; likabaki kitu kama benjawi, likawa benjui, mwisho likawa benzoini. Asidi iliyotolewa humo ikaitwa asidi ya benzoiki. Mwaka 1833 Eilhard Mitscherlich aliipasha moto asidi hiyo pamoja na chokaa, akapata kimiminika alichokiita benzini. Kwa hiyo ubani na benzeni ni maneno ya tumbo moja. Kimiminika chenyewe kilikuwa kimeshatengwa miaka minane kabla: Michael Faraday alikipata mwaka 1825 katika mafuta yaliyobaki kwenye mitungi ya gesi ya taa.

Tatizo lilianza pale fomyula yake ilipojulikana: C6H6. Heksani, yenye kaboni sita vilevile, ina haidrojeni 14. Benzeni imepungukiwa haidrojeni nane nzima. Kampaundi yenye upungufu wa namna hiyo ingepaswa kuwa na njaa kali, iidake bromini mara tu inapokutana nayo. Twende maabara tuone.

Mimi darasani situmii benzeni, kwa sababu husababisha saratani ya damu na haina nafasi karibu na wanafunzi. Natumia tolueni, ambayo ni pete ileile iliyoongezewa kikundi cha methili (CH3). Katika neli mbili za majaribio tia maji ya bromini yenye rangi ya chungwa, kina cha vidole viwili. Neli ya kwanza idondoshee siklohekseni, ambayo ni pete ya kaboni sita yenye bondi maradufu moja ya kweli. Ziba, tikisa. Rangi inapotea machoni pako. Neli ya pili itie tolueni, uitikise vilevile, mbali na mwanga wa jua. Sasa tazama kwa makini, maana hapa nimesahihisha madaftari mengi yenye kosa lilelile. Maji yaliyo chini yanapauka, na mwanafunzi anaandika haraka: rangi imeondoka. Inua macho kidogo. Rangi imepanda. Tolueni ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea juu, na bromini huyeyuka vizuri zaidi ndani yake kuliko ndani ya maji. Tabaka la juu limekolea rangi ya chungwa kuliko maji yalivyokuwa mwanzo. Bromini imehama chumba tu. Iache kivulini, rudi baadaye, utaikuta palepale.

Ndipo tunapofika kwa August Kekulé. Mwaka 1865 alipendekeza kaboni sita zishikane katika pete, kila moja na haidrojeni yake, bondi za mstari mmoja zikipishana na bondi maradufu. Kisa cha kusinzia na kumwona nyoka akiuma mkia wake alikisimulia mwenyewe mwaka 1890, robo karne baadaye. Ni kisa kizuri, ila naona kimewafanya watu wengi wasitazame tatizo lililomo ndani ya pendekezo lenyewe. Chukua kalamu ujaribu. Chora pete yake, kisha weka klorini mbili kwenye kaboni zilizo jirani. Kaboni hizo mbili zinaweza kuwa zimeunganishwa kwa bondi maradufu, au kwa bondi ya mstari mmoja. Hizo ni kampaundi mbili tofauti, na tungepaswa kuzipata mbili kwenye chupa. Hakuna mtu aliyewahi kuzipata mbili. Iko moja tu.

Kekulé aliliona pengo hilo, na mwaka 1872 alijibu kwamba bondi hubadilishana nafasi upesi mno, ndiyo maana hatuzitenganishi. Kwa zama ambazo elektroni ilikuwa haijagunduliwa, alikaribia ajabu. Lakini jibu lake limeacha picha moja mbaya vichwani mwa wanafunzi, kwamba bondi za benzeni zinarukaruka huku na huku. Hazirukiruki. Hakuna nukta ya muda ambapo benzeni ina bondi tatu fupi na tatu ndefu.

Tunalijua hilo kwa kupima. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alipitisha eksirei kwenye fuwele za heksamethilibenzeni, benzeni ambayo kila haidrojeni yake imebadilishwa na methili, akathibitisha kwamba pete ni bapa kabisa na pande zake sita zinalingana. Bondi ya mstari mmoja kati ya kaboni na kaboni ina urefu wa takriban nanomita 0.154. Bondi maradufu ni fupi zaidi, 0.134. Katika benzeni kila upande una 0.139. Wote sita. Molekuli yenyewe imekataa kuchagua upande upi uwe maradufu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, ni wa joto, kwa sababu unakupa ukubwa wa jambo kwa tarakimu. Siklohekseni ikiongezewa haidrojeni igeuke sikloheksani, moli moja hutoa joto la kilojuli 120 hivi. Hiyo ni gharama ya bondi maradufu moja. Kama benzeni ingekuwa na bondi maradufu tatu, kuijaza haidrojeni mpaka iwe sikloheksani ileile kungetoa mara tatu, yaani kilojuli 360. Ukipima unapata 208. Kilojuli 152 hazionekani. Hazikupotea njiani; benzeni haikuwa nazo tangu mwanzo. Ilikuwa imekaa chini kwa nishati, chini sana kuliko picha ya Kekulé inavyodai, na kitu kilichokaa chini hakina haraka ya kwenda popote.

Kuna hesabu ndogo hapo ambayo vitabu vingi huiruka, na nakuomba uifanye. Siklohekzadieni yenye bondi maradufu mbili zinazopishana hutoa kilojuli 232 hivi inapojazwa haidrojeni. Benzeni hutoa 208. Linganisha: benzeni, yenye upungufu mkubwa zaidi wa haidrojeni, inatoa joto dogo zaidi. Maana yake, ukitaka kuiongezea benzeni haidrojeni mbili za kwanza tu, hupati joto, unadaiwa kilojuli 24. Alkeni ya kawaida hukulipa kwa hatua hiyo, benzeni inakutoza. Hapo ndipo bromini ya kwenye neli yako ilipokwama.

Kwa nini iko chini hivyo? Kila kaboni katika pete ina elektroni nne za nje. Tatu zimetumika: mbili kushikana na kaboni majirani, moja kushika haidrojeni. Inabaki moja, nayo imesimama wima, wingu lake likiwa nusu juu ya pete na nusu chini. Kwa kuwa pete ni bapa, mawingu hayo sita yamesimama sambamba na kila moja linagusana na majirani wa pande zote mbili sawasawa. Hakuna sababu ya la kwanza kushikana na la pili na kumwacha la sita. Kwa hiyo yanaungana yote, na elektroni sita zinakuwa mali ya shirika, zimetandazwa kwenye pete nzima. Elektroni iliyopewa nafasi pana hushuka nishati yake. Hiyo ni kanuni ya fizikia ya kwanta, na benzeni ni mfano wake safi kabisa.

Ukishika hapo, tabia ya pete inajieleza. Weka chembe za chuma pamoja na benzeni na bromini kavu, na sasa mambo yanaanza: bromidi ya chuma inayojitengeneza inaivuta bromini upande mmoja mpaka ncha yake nyingine inakuwa na uchu mkali wa elektroni. Ncha hiyo inaivamia pete na kuchukua elektroni mbili za shirika. Kwa muda mfupi kaboni moja imebeba bromini na haidrojeni pamoja, duara la elektroni limekatika, na molekuli ina chaji chanya. Iko njia panda. Ikiongeza bromini ya pili, kama alkeni ifanyavyo, itapoteza ule utulivu moja kwa moja. Ikiachia haidrojeni, shirika linarudi jinsi lilivyokuwa. Inaachia haidrojeni. Unapata bromobenzeni na gesi ya bromidi ya haidrojeni, na pete imetoka nzima. Nitro, salfoni, methili, vyote huingia kwenye pete kwa mtindo huohuo: mgeni anaingia, haidrojeni inatoka. Alkeni huongeza, benzeni hubadilisha.

Siku moja utatia maji ya bromini kwenye fenoli na kuona rangi ikiondoka papo hapo na mashapo meupe kutokea, bila kichocheo chochote. Usitikisike. Oksijeni ya fenoli inaisukumia pete elektroni zaidi, kwa hiyo pete inashambuliwa kirahisi, lakini ukichunguza mashapo utakuta ni tribromofenoli: haidrojeni tatu zimetoka, bromini tatu zimekaa mahali pake. Bado ni kubadilisha.

Sasa, nani ni mwanachama wa kundi hili? Wanafunzi wengi hujibu: chochote chenye pete na bondi zinazopishana. Jibu hilo lilishawahi kuwakosesha hata mabingwa. Mwaka 1911 Richard Willstätter alitengeneza siklooktatetraeni, pete ya kaboni nane yenye bondi maradufu nne zinazopishana vizuri kabisa kwenye karatasi. Ilitarajiwa iwe tulivu kama benzeni. Ikala bromini kama alkeni yoyote. Molekuli yake hata si bapa, imejikunja kama beseni, na bondi zake fupi na ndefu zinapimika.

Ufumbuzi ulitoka kwa Erich Hückel mwaka 1931, naye alihesabu elektroni badala ya bondi. Pete bapa, ambayo kila atomu yake inashiriki kwenye wingu, huwa tulivu ikiwa elektroni za shirika ni 2, 6, 10, 14 na kuendelea hivyo kwa kuongeza nne nne. Idadi ya 4 au 8 haifai. Benzeni ina sita. Siklooktatetraeni ina nane, ndiyo maana ilikimbia ubapa. Siklobutadieni yenye nne ni dhaifu kiasi kwamba kwa kawaida huchunguzwa ikiwa imefungwa ndani ya gesi iliyogandishwa kwa baridi kali.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inabashiri mambo ambayo picha ya benzeni isingekupeleka kabisa. Siklopentadieni ni haidrokaboni ya kaboni tano, na haidrokaboni kwa kawaida hazitoi protoni, yaani haidrojeni iliyoacha elektroni yake, hata uzibembeleze vipi. Hii inaitoa kwa urahisi unaokaribia wa maji, kwa sababu ikishaitoa inabaki na elektroni sita kwenye pete ya tano. Upande wa pili kuna ayoni ya tropilio, pete ya kaboni saba iliyopoteza elektroni moja ikabaki na sita. Bromidi yake, iliyotambuliwa sawasawa mwaka 1954, huyeyuka kwenye maji kama chumvi ya mezani, na ukiitia nitrati ya fedha inaangusha bromidi ya fedha papo hapo. Kaboni inayojitenga na bromini kwa hiari yake! Naifundisha kila mwaka na sijaichoka.

Wala si lazima atomu zote ziwe kaboni. Katika piridini, naitrojeni moja imekaa mahali pa kaboni, imechangia elektroni moja kwenye shirika, na jozi yake ya ziada imeelekea nje ya pete, pembeni, ikiwa huru kushika protoni. Ndiyo maana piridini ni besi. Katika piroli, pete ya atomu tano, shirika lina upungufu wa elektroni mbili, kwa hiyo naitrojeni imelazimika kutoa jozi yake yote ili itimie sita. Haina cha kumpa protoni, na piroli si besi ya kusemwa. Naitrojeni ni ileile na pete zinafanana kwa macho, ila hesabu ya elektroni imezitenga.

Ndugu wa piroli mwenye salfa, thiofeni, aligunduliwa kwa sababu jaribio liligoma mbele ya wanafunzi. Mwaka 1882 Victor Meyer alikuwa akionyesha darasani jaribio lililojulikana kama alama ya benzeni: ukiichanganya na isatini na asidi ya salfuriki inatoa rangi ya buluu. Siku hiyo buluu haikutokea. Msaidizi wake, Traugott Sandmeyer, alikuwa ameishiwa benzeni ya lami ya makaa ya mawe, akatumia iliyotengenezwa kwa asidi ya benzoiki. Meyer hakulifunika jambo hilo, alilifuatilia, na kukuta kwamba benzeni safi haitoi buluu hata kidogo. Rangi ilitoka kwa kampaundi nyingine iliyojificha ndani ya benzeni ya lami miaka yote hiyo, ikichemka nyuzi 84 za Selsiasi wakati benzeni inachemka 80. Thiofeni inafanana na benzeni kwa tabia kiasi kwamba ilikuwa imewapita wakemia wote.

Nilisema benzeni haina nafasi darasani lakini tolueni naitumia, na pengine umeshajiuliza tofauti ni nini. Methili ya tolueni ni mpini. Ini linaushika, linaugeuza kuwa asidi ya benzoiki, linaunganisha asidi hiyo na glisini, na mwili unaitoa kwa mkojo. Benzeni haina mpini, kwa hiyo vimeng'enya vya ini huishambulia pete yenyewe, na mabaki ya mashambulizi hayo huharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Tolueni nayo si ya kunusa; inalevya na kuumiza ubongo. Fungua dirisha, fanya kazi chini ya kivuta hewa.

Sasa alama zako. Walimu wote wawili wana hoja, na inategemea swali lilikutaka nini. Duara linasema kweli kuhusu umbo: pande sita sawa, elektroni zimetandaa. Likiulizwa umbo, chora duara. Ukitakiwa kuonyesha mmenyuko kwa mishale, duara halikusaidii, kwa sababu huwezi kuonyesha elektroni mbili zikitoka kwenye duara na kubaki ukijua zimebaki ngapi. Hapo chora mistari ya Kekulé, ukijua ni njia ya kuhesabu tu.

Na duara lina mtego wake unapofika kwenye pete zilizoungana. Chukua naftalini, pete mbili zenye upande mmoja wa pamoja. Ukiweka duara katika kila pete, anayesoma duara kuwa ni elektroni sita atahesabu 12, na 12 haimo kwenye orodha ya Hückel. Chora mistari badala yake: bondi maradufu tano, elektroni kumi, na kumi imo. Kisha endelea kidogo. Mistari hiyo inaweza kuchorwa kwa njia tatu tofauti, na katika njia mbili kati ya hizo tatu, upande ulio kati ya kaboni ya kwanza na ya pili unakuwa maradufu, wakati ule wa kati ya ya pili na ya tatu unakuwa maradufu katika njia moja tu. Kwa hiyo wa kwanza unapaswa kuwa mfupi zaidi. Ukipima, wa kwanza una nanomita 0.137 hivi, wa pili 0.141. Hilo duara lisingekuambia. Lifanye zoezi hilo kwa kalamu, kisha lijaribu kwa antraseni yenye pete tatu. Utakuta njia nne.